Watu Waliojifunza Kuyawahi Majira

Sisi tukaao karibu na Ikweta tumezoea kuuliza swali moja tu wakati wa kupanda: je, mvua imekaribia? Mkulima wa Kakamega au wa Taita hutazama mawingu, huusikiliza upepo, akalitafuta jembe lake. Joto la kuiotesha mbegu halimtii wasiwasi, maana lipo mwaka mzima. Wale wakaao katika nyanda za juu, kama vile Kinangop na Molo, huijua sakitu, ule umande ugandao usiku ukaziunguza mboga kana kwamba zimepitiwa na moto. Lakini hata huko, jua likipanda asubuhi, ardhi hurudia hali yake.

Sasa, ewe msomaji, jaribu kufikiri juu ya nchi ambayo ardhi yake huwa ngumu kama jiwe kwa muda wa miezi minne au mitano. Jembe haliingii. Miti haina hata jani moja. Watu hula nafaka iliyo ghalani, viazi vilivyowekwa chini ya nyumba, na kabichi iliyotiwa chumvi ndani ya mapipa. Kisha, theluji inapoyeyuka na majira ya kuchipua yanapoingia, huwa na siku chache tu za joto kabla baridi haijarudi tena. Mnyanya huhitaji kama miezi minne tangu mbegu kutiwa udongoni hata tunda kuiva. Na katika nchi nyingi za kaskazini miezi isiyo na sakitu ni minne au mitano tu. Mkulima akingoja ardhi ipate joto ndipo atie mbegu, nyanya zitakuwa bado mbichi siku sakitu itakaporudi kuziua.

Basi watu wa nchi hizo walibuni hila moja: huiotesha mbegu ndani ya nyumba wakati theluji ingali nje. Siku ardhi inapokuwa tayari, miche nayo huwa tayari. Ni jambo dogo kulitazama: kisanduku cha udongo dirishani, na vijani viwili viwili vikiinamia nuru. Lakini historia yake ni ndefu, na ndani yake wamo wafalme na mawakili, matabibu na farasi, na watu waliokufa njaa wakiwa wameketi karibu na magunia ya mpunga.

Kabla ya kuianza historia hiyo, yafaa tuelewe shida yenyewe. Mbegu nyingi hazihitaji nuru ili ziote. Huhitaji maji, hewa na joto. Mbegu ya mnyanya huota vizuri katika joto la digrii 20 hadi 25 za Selsiasi, lakini chini ya digrii 10 hulala tu udongoni mpaka ikaoza. Hata hivyo, mche ukishatoa kichwa chake juu ya udongo, mambo hugeuka. Sasa wadai nuru, na ukiikosa hurefuka na kuwa mwembamba kama uzi, mweupe, usio na nguvu, kisha huanguka. Kwa hiyo mtu wa nchi ya baridi alikuwa na matatizo mawili kwa pamoja. Jikoni kuna joto lakini hakuna nuru. Shambani kuna nuru lakini hakuna joto. Historia nzima ya jambo hili ni habari ya watu waliotafuta kitu kitakachoiruhusu nuru ipite na kuizuia baridi isipite.

Habari moja ya zamani sana tunayo kutoka Uchina. Katika mwaka wa 33 kabla ya kuzaliwa Kristo, wakati wa utawala wa nasaba ya Han, ofisa mmjoa aitwaye Shao Xinchen alipewa kazi ya kusimamia hazina ya jumba la kifalme. Alikuta kwamba katika bustani ya jikoni ya mfalme vitunguu na mboga nyingine zilikuwa zikioteshwa wakati wa baridi chini ya paa, na moto ukiwashwa mchana na usiku ili hewa iwe ya joto. Shao Xinchen hakupendezwa. Alimwandikia mfalme kwamba vyakula hivyo si vya wakati wake, vyaweza kumdhuru alaye, wala havistahili kuletwa mezani pake. Mfalme akakubali, kazi hiyo ikakomeshwa, na vitabu vya historia vya Wachina vyasema kwamba fedha nyingi mno zilihifadhiwa kila mwaka. Yatupasa kulikumbuka jina la ofisa huyu, maana swali lake litaturudia mwishoni: mboga isiyo ya wakati wake yagharimu nini, na ni nani alipaye?

Haikupita miaka mingi, jambo lilo hilo likaonekana katika dola ya Rumi. Kaisari Tiberius, aliyetawala kuanzia mwaka wa 14 hadi 37 baada ya Kristo, alipenda sana tunda moja la jamii ya matango. Wataalamu wa siku hizi hudhani ya kuwa lilikuwa karibu zaidi na tikiti refu kuliko tango tulijualo. Alitaka kuliona mezani karibu kila siku ya mwaka. Watunza bustani wake wakapanda miche katika masanduku yenye magurudumu. Kukiwa na jua waliyasukuma nje. Baridi ikizidi waliyarudisha ndani. Na juu yake waliweka vifuniko vya jiwe lipitishalo nuru, aina ya jasi ipasukayo vipande vyembamba, ambayo Warumi waliichimba hasa katika nchi ya Hispania.

Habari hizi zimeandikwa na watu wawili, nao ni mashahidi wa namna mbili. Mmoja ni Plinius, mwanachuoni aliyekusanya kila habari aliyoisikia, akafa mwaka wa 79 mlima Vesuvius ulipolipuka. Wa pili ni Columella, ambaye alikuwa mkulima hasa. Plinius atuambia habari za Kaisari. Columella naye azitaja, lakini kwanza awaeleza wakulima wenzake njia nyepesi zaidi. Jaza kikapu udongo wenye samadi nyingi, asema, utie mbegu ndani yake. Siku zenye joto kitoe nje karibu na nyumba, na siku za baridi kiingize ndani. Usiku na mchana vikishalingana katika majira ya kuchipua, kizike kikapu chote ardhini jinsi kilivyo, nawe utapata matunda mapema kuliko jirani zako.

Tazameni, wanafunzi, jinsi maelezo haya yalivyo kamili. Kikapu ni cha mtu ye yote. Hakihitaji jiwe la Hispania wala watumwa wa kusukuma magurudumu. Tena mizizi haiguswi, kwa kuwa mche hauhamishwi peke yake, bali huhamishwa pamoja na nyumba yake. Leo mkulima wa Kenya apandaye kahawa au miparachichi huitia mbegu ndani ya mfuko mdogo wa udongo kwa sababu ile ile. Columella alilijua jambo hilo yapata miaka 2,000 iliyopita.

Huko Korea wakapata njia yao wenyewe. Katika miaka ya 1450 tabibu wa kifalme aitwaye Jeon Sunui aliandika kitabu cha mapishi na kilimo, ambacho kilipotea machoni pa watu mpaka kilipogunduliwa tena mwaka wa 2001. Ndani yake ameeleza jinsi ya kujenga nyumba ya kukuzia mboga wakati wa baridi. Kuta zake ni za udongo, na moshi wa moto hupitishwa chini ya sakafu, kama Wakorea walivyozoea kuzipasha joto nyumba zao. Upande wa jua huwekwa madirisha ya karatasi iliyopakwa mafuta. Karatasi hiyo huiruhusu nuru ipite, na huizuia baridi kwa kiasi. Kwa hiyo kile ambacho Rumi ilikifanya kwa jiwe la thamani, Korea ilikifanya kwa karatasi.

Sasa twende Ufaransa, maana huko ndiko hila hii ilikofanywa kuwa elimu. Mfalme Louis wa 14 alikuwa na jumba kubwa pale Versailles, na hakupenda kuambiwa kwamba jambo fulani haliwezekani. Aliye mtunzia bustani ya mboga alikuwa Jean-Baptiste de La Quintinie, aliyezaliwa mwaka wa 1626. Mtu huyu alikuwa amesomea sheria, akawa wakili, lakini moyo wake ukavutwa na miti na udongo, akaiacha kazi yake. Kati ya mwaka wa 1678 na 1683 alitengeneza bustani ya kifalme mahali palipokuwa na kinamasi kilichonuka hata watu wakapaita dimbwi linukalo. Maji yalikaushwa, udongo mzuri ukaletwa kutoka kilima cha jirani, kuta ndefu zikajengwa ili kuukinga upepo na kulihifadhi joto la jua. Bustani hiyo ipo hata leo.

La Quintinie aliweza kumpa mfalme asparaga katika mwezi wa Desemba, stroberi mwishoni mwa Machi, njegere mwezi wa Aprili, na tini mwezi wa Juni. Aliyapataje hayo? Siri yake ilikuwa katika mabanda ya farasi. Samadi mbichi ya farasi iliyochanganyika na majani makavu, ikirundikwa na kukanyagwa, huanza kupata joto yenyewe, kwa sababu viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho huila na kuiozesha. Katika siku za kwanza joto hilo huwa kali mno, hata huweza kupita digrii 60, na mbegu yo yote itakayowekwa humo itapikwa. Mtunza bustani lazima asubiri. Huingiza mkono au fimbo ndani ya rundo kila siku, mpaka joto lishuke na kuwa kama la mwili wa mtu au chini yake. Hapo hutandaza udongo mwembamba juu, hutia mbegu, na hufunika kwa kioo. Chini ya mbegu pana jiko lisilo na moshi wala kuni, na juu yake pana dirisha. Shida zile mbili, ya joto na ya nuru, zimetatuliwa kwa pamoja.

Njegere za mapema ziliwatia watu wa jumba la mfalme wazimu. Mwaka wa 1696, mke wa mfalme, Madame de Maintenon, alieleza katika barua yake kwamba watu hawakuzungumza jambo lingine, na ya kuwa walikuwapo mabibi wakubwa ambao, baada ya kula mezani pa mfalme, walikwenda kula njegere tena nyumbani kabla ya kulala. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa: samadi, kioo na maarifa yote yale yalitumika ili wachache wale mapema kuliko wengine.

Lakini maarifa hayafungiki ndani ya ukuta. Wakulima wadogo waliouzunguka mji wa Paris waliichukua kazi ile ya mabustani ya wakubwa wakaifanya biashara. Vishamba vyao vilikuwa vidogo sana, lakini havikulala hata mwezi mmoja. Alfajiri walipeleka mboga sokoni kwa mkokoteni, na jioni mkokoteni ule ule ulirudi umejaa samadi kutoka katika mabanda ya farasi wa mjini. Paris iliwapa samadi, nao wakairudishia mboga. Juu ya miche yao waliweka vifuniko vya kioo vyenye umbo la kengele, safu kwa safu, hata shamba likametameta. Usiku wa baridi kali walitandika mikeka ya mabua juu ya kengele hizo. Mwaka wa 1845 wakulima wawili miongoni mwao, Moreau na Daverne, walitoa kitabu kilichoieleza kazi yote, mwezi baada ya mwezi.

Kuna jambo moja katika kazi yao ambalo nataka kulisimulia kwa habari yangu mwenyewe. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, kundi letu lilipewa kitalu cha kabichi. Tulikijengea kichanja cha nyasi kukinga jua, tukakimwagilia asubuhi na jioni, na miche ikapendeza machoni. Siku ya kuihamisha tuliiondoa kivulini saa nne asubuhi, tukaitia shambani katika jua kali, tukaenda kula chakula cha mchana tukijisifu. Tuliporudi, miche yote ilikuwa imelala chini kama nyuzi zilizolowa maji. Mwalimu wetu wa kilimo hakutukemea. Alituuliza swali moja tu: "Ninyi mlipokuwa watoto, mliachishwa kunyonya kwa siku moja?" Wakulima wa Paris walilijua jibu la swali hilo. Kila siku yenye jua waliinua kengele ya kioo kidogo upande mmoja kwa kijiti chenye meno, leo jino la kwanza, kesho la pili, ili hewa ya nje iingie kidogo kidogo na mche uzoee. Mche uliooteshwa ndani ni mtoto aliyedekezwa. Hapana budi ufundishwe upepo na jua kabla ya kuachwa peke yake. Kwetu adui alikuwa jua, kwao alikuwa baridi, lakini dawa ni ile ile.

Huko Uingereza kizuizi hakikuwa elimu bali kodi. Tangu miaka ya 1740 serikali ilikuwa ikitoza ushuru juu ya kioo kwa kadiri ya uzito wake. Kwa hiyo nyumba ya kioo ya kukuzia mimea ilikuwa alama ya utajiri, na mtu wa kawaida hakuweza kuifikiria. Ushuru huo ulifutwa mwaka wa 1845, wakati viwanda navyo vilikuwa vimejifunza kutengeneza kioo kikubwa na kwa bei nafuu. Miaka sita tu baadaye, mwaka wa 1851, jumba kubwa la kioo lilijengwa mjini London kwa ajili ya maonyesho ya mataifa. Vioo vyake vilikuwa karibu 300,000. Aliyelibuni hakuwa mjenzi mashuhuri. Alikuwa Joseph Paxton, mtoto wa mkulima, aliyekuwa mkuu wa watunza bustani wa bwana mmoja mkubwa, na aliyejifunza ujenzi wa kioo kwa kuwajengea mimea nyumba.

Katika siku hizo hizo, kisanduku cha kioo kilianza kusafiri baharini. Tabibu mmoja wa London, Nathaniel Ward, aliweka buu la nondo ndani ya chupa yenye udongo mbichi mwaka wa 1829, akaifunga. Alishangaa kuona mmea mdogo wa jamii ya kangaga ukiota humo na kuendelea kuishi bila kumwagiliwa, kwa kuwa maji yaliyopanda kama mvuke yaligonga kioo yakarudi chini. Kutokana na hayo akatengeneza masanduku ya kioo yaliyofungwa, na mwaka wa 1833 mimea iliyotiwa humo ilifika Australia ikiwa hai. Robert Fortune, aliyetumwa na Kampuni ya India ya Mashariki kwenda kuchukua michai huko Uchina, aliona kwamba mbegu za chai zikisafirishwa kavu hufa njiani. Basi akazitia katika udongo ndani ya masanduku ya Ward. Zikaota melini, na mwaka wa 1851 miche ikafika India. Kilimo cha chai kilienea India, hasa kwa chai ya asili ya huko Assam, na kutoka India michai ya kwanza ikaletwa Kenya, ikapandwa Limuru mwaka wa 1903. Hivyo basi, mtoto wa Kericho atembeaye kando ya vitalu vya chai hayuko mbali sana na habari hii kama adhaniavyo.

Lakini sura ambayo haifai kusahauliwa ni ya mji wa Leningrad, ambao leo waitwa St Petersburg. Majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji huo tarehe 8 Septemba 1941, na mazingira hayo hayakuondolewa kabisa mpaka Januari 1944. Katika majira ya baridi ya kwanza njaa ilikuwa kali kupita kiasi. Kati ya Novemba na Desemba 1941 mtu asiye na kazi maalum alipewa gramu 125 za mkate kwa siku, mkate ambao ndani yake mlichanganywa vitu visivyo unga. Watu walikufa kwa mamia ya maelfu.

Katikati ya mji huo palikuwa na chuo cha mimea kilichokuwa kimehifadhi mbegu zilizokusanywa kutoka pembe zote za dunia, sampuli zaidi ya laki moja. Aliyeongoza kazi ya kuzikusanya, Nikolai Vavilov, hakuwapo. Serikali ya nchi yake ilikuwa imemkamata mwaka wa 1940, naye alifia gerezani huko Saratov mwezi wa Januari 1943. Wenzake walibaki na mbegu. Walikaa katika vyumba visivyo na moto, wamezungukwa na ngano, mahindi, mpunga, karanga na mbaazi, wakizilinda na panya, na baridi, na wezi, na juu ya yote wakizilinda na matumbo yao wenyewe. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga, alikufa kwa njaa, na maelfu ya pakiti za mpunga aliokuwa akiutunza zikabaki bila kuguswa. Wengine kadhaa wa chuo hicho walikufa hivyo hivyo. Wazee wetu husema akiba haiozi. Watu hawa waliiweka akiba ambayo wao wenyewe hawakuila, ili wengine wapate kupanda.

Na mji ule ulipanda. Mwezi wa Machi 1942, theluji ingali imeutanda, serikali ya mji ilitoa amri juu ya bustani za watu binafsi. Wataalamu wa mimea wakaandika vijitabu vya kuwafundisha watu ni majani gani ya mwituni yaliyofaa kuliwa. Katika nchi ya kaskazini kama ile kabichi haiwezi kungojea ardhi ipate joto. Miche yake huoteshwa kwanza mahali palipofunikwa, kisha huhamishwa. Majira ya joto yalipofika, mistari ya kabichi ilionekana katika viwanja vya mji, hata mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Isaac, na wanawake waliokonda wakipita katikati yake na vikapu. Picha zake zipo hata leo. Kabichi ambayo kwa mfalme wa Versailles ilikuwa ni mchezo, kwa watu hao ilikuwa ni kuishi au kufa.

Tuje sasa katika siku zetu. Mwaka wa 1948 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Kentucky, huko Marekani, aitwaye Emery Myers Emmert, hakuwa na fedha za kununulia kioo. Akachukua karatasi ya plastiki akaitandaza juu ya viunzi vya mbao. Ilifaa. Kutoka hapo nyumba za plastiki zimeenea ulimwenguni, na leo twaziona Naivasha zikiwa na maua, na Kiambu na kwingineko zikiwa na nyanya. Wale mafundi wa Paris, kwa upande wao, walikwisha. Magari yaliwaondoa farasi mjini, na farasi walipoondoka samadi ikaondoka. Treni nazo zikaanza kuleta mboga za mapema kutoka kusini kwenye joto. Ujuzi wa vizazi ulitoweka kwa sababu jiko lake lilitoweka.

Hapo ndipo swali la Shao Xinchen linapoturudia. Mwaka wa 2022, vita vya Ukraine vilipoipandisha bei ya gesi, baadhi ya wakulima wa Uholanzi walizima majiko ya nyumba zao za kioo, kwa kuwa gharama ya kuipasha nyanya joto ilipita bei ya nyanya yenyewe. Yule ofisa wa Uchina angaliyaelewa mambo hayo mara moja. Kuyawahi majira si bure. Mmoja hulipa kwa kuni, mwingine kwa gesi, mwingine kwa kuinuka alfajiri kuifuata samadi.

Hata hivyo, tukiitazama njia yote kwa jumla, twaona ya kuwa kila mara mtu fulani alipata kitu cha bei nafuu zaidi: kikapu badala ya gurudumu, karatasi badala ya jiwe, plastiki badala ya kioo. Na kila jambo lilipokuwa nafuu, mlango ulifunguka kwa watu wengi zaidi. Leo mwanamke mzee katika ghorofa ya mji wa baridi, asiye na shamba wala farasi, hutia mbegu sita za nyanya ndani ya kopo la maziwa, akaliweka dirishani mwezi wa Machi. Hesabu yake ni ile ya wote waliomtangulia: hukadiria siku ya sakitu ya mwisho, kisha hurudi nyuma majuma sita au manane.

Nanyi, wanafunzi, mtakapopewa kitalu cha shule yenu majuma machache kabla ya mvua za Machi, kumbukeni kwamba mnafanya kazi ile ile kwa adui mwingine. Wao wanaikimbia baridi, sisi twaingojea mvua. Lakini anayeanza siku mvua inaponyesha amekwisha kuchelewa. Wekeni udongo mzuri, fanyeni kivuli, mwagilieni kwa kipimo. Na siku ya kuihamisha miche itakapokaribia, ondoeni nyasi za kichanja kidogo kidogo, leo mkono mmoja, kesho mikono miwili. Mimi na wenzangu tuliziondoa zote kwa siku moja, na kabichi zetu hazikuliwa na mtu.